Bukavu: Noeli huanzia kwenye kisanduku

Kisanduku ni cha bati, kinatosha kubebwa kwapani, na kimefungwa kwa kufuli tatu. Funguo zake zimegawanywa kwa wanachama watatu wa nyumba tatu tofauti. Anayelala nacho chini ya kitanda hana ufunguo hata mmoja. Ndivyo zinavyofanya kazi AVEC nyingi za Bukavu, vile vyama vya kuweka na kukopa vya watu ishirini hivi ambao huitana kwa majina ya watoto wao: Mama Fulani, Baba Fulani. Mwaka mzima kisanduku hufunguliwa siku ya kikao, mbele ya macho yote, kikajazwa na kufungwa tena. Desemba hufunguliwa ili kimwagwe mezani.

Siku hiyo watoto hawachezi mbali. Wanachungulia dirishani, wanafukuzwa, wanarudi. Ndani, mweka hazina anahesabu noti, za franka na za dola kila moja na rundo lake, na mwingine anarudia hesabu ileile baada yake. Kila mwanachama ameshika kijitabu chake chenye mihuri. Kila muhuri ni hisa moja aliyoinunua, wiki baada ya wiki. Fedha zote, pamoja na faida ya mikopo, zinagawanywa kwa idadi ya mihuri yote, kisha thamani ya muhuri mmoja inatangazwa. Tuseme uliingia kwa franka 1,000 ukatoka na 1,200. Hapo kila mama anainamisha kichwa na kupiga hesabu yake kimya: viatu vya wa kwanza, gauni la wa tatu, deni la duka, robo ya mbuzi. Watoto dirishani hawajui hesabu ya hisa. Wanasoma uso wa mama.

Ukimuuliza mgeni sikukuu za mwisho wa mwaka zinaanza lini, atakutajia tarehe 24 Desemba. Mwenyeji wa Bukavu anajua kwamba zilianza Januari, siku muhuri wa kwanza ulipogongwa. Katika mji huu hakuna manispaa inayowapangia watu furaha. Sikukuu yenyewe inashonwa mtaani, kwa senti za wauza sombe (majani ya muhogo) na mafundi cherehani, na kwa jioni za mazoezi ya kwaya. Na pengine ndiyo maana imekuwa vigumu kuizima.

Mji wa rasi tano

Bukavu imekaa ukingoni mwa Ziwa Kivu, kwenye kimo cha karibu mita 1,500, na rasi zake tano zimeingia majini kama vidole vya mkono. Wabelgiji waliuita Costermansville. Leo umegawanyika katika komuni tatu: Ibanda, upande wa ziwa na majumba ya zamani; Kadutu, mlimani, ambako nyumba zimepandana; na Bagira, ng'ambo yake. Desemba ni mwezi wa mvua. Udongo mwekundu unateleza, vichochoro vya Kadutu vinageuka mifereji, na anayeshuka kwenda misa ya usiku hubeba viatu vya sikukuu mkononi, akavivaa mlangoni pa kanisa.

Soko la Kadutu ndilo kipimo cha msimu. Wiki mbili kabla ya Noeli, njia zake zinabana mpaka mtu anasogea kwa bega. Mitumba ya watoto inamwagwa juu ya maturubai, na akina mama wanainama kuchagua, wakipima suruali kwa mkono mmoja na kumshika mtoto kwa mwingine. Wenye nafuu zaidi hununua kikwembe, yaani kitenge, na kukipeleka kwa fundi akate libaya, blauzi ya sikukuu. Hapo ndipo ugomvi wa kila mwaka huanzia. Fundi amepokea vitambaa vingi kuliko siku zilizobaki, umeme unakatika saa ya kazi, na mteja anakuja asubuhi, mchana na jioni. Mji huu una bwawa la umeme la Ruzizi hapo mlangoni, linalofanya kazi tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini kuzimika kwa taa kumekuwa jambo la kawaida kiasi kwamba fundi mwenye akili hakuitupa cherehani ya kukanyaga kwa miguu.

Nyama nayo ina siasa yake. Mbuzi mzima ni mzigo kwa nyumba moja, na ng'ombe hatajwi. Hivyo majirani huchanga. Mnyama ananunuliwa vijijini, upande wa Kabare au Walungu, anachinjwa alfajiri, na nyama inapangwa mafungu juu ya majani ya migomba. Kazi ya kupanga hupewa mtu anayeaminika kwa jicho lake, na kila fungu lazima lipate mfupa wake na mafuta yake, maana macho ya waliochanga yako hapo. Anayelalamika huambiwa achague la kwanza mwakani.

Kuna chama kingine kinachofanana na AVEC, nacho ni MUSO, kikiwa na makasha ya rangi. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la matatizo: msiba, ugonjwa, mama aliyejifungua. Rangi hizi hufundisha jambo ambalo hesabu za sikukuu husahau. Katika kila kundi kuna aliyemzika mtu mwaka huo, na Desemba yake haifanani na ya wenzake. Kasha jekundu lilikwisha kusema naye miezi iliyopita. Sasa majirani wanakuja na sufuria.

Shirika la jioni

Neno la kulielewa hapa ni *shirika*. Mahali pengine litakukumbusha shirika la ndege au la bima. Kwa Mkatoliki wa Bukavu, shirika ni jumuiya ndogo ya familia jirani zinazokutana nyumbani kwa mmoja wao, zikasoma Injili, zikaulizana nani ni mgonjwa na nani amefukuzwa kwenye nyumba ya kupanga. Parokia inaundwa na mashirika mengi ya namna hii. Majilio yakifika, shirika ndilo linalogawa kazi: huyu alete nyasi za hori, yule maua, vijana wasafishe uwanja, akina baba watafute mafuta ya jenereta.

Pango la Noeli hutengenezwa kwa vitu vya mlimani na ziwani: matete, majani ya migomba, udongo wa mfinyanzi. Hori linafanana na zizi la mbuzi la Kabare, wala si la kadi za Ulaya, na hiyo ni tafsiri nzuri ya Injili kuliko mahubiri mengi. Watoto huigiza. Kila mwaka nafasi inayogombaniwa ni ya Herode, kwa sababu Herode hupewa kiti, fimbo na ruhusa ya kupiga kelele. Yosefu huwa hana la kusema, na mara nyingi huangukia kwa mtoto mwenye haya.

Kwaya zilianza zamani. Tangu Novemba, ukipita karibu na kanisa lolote saa kumi na mbili jioni, utasikia sauti ya tatu ikirudishwa nyuma mara ya nane kwa sababu imeshuka. Nyimbo ni za Kiswahili, za Mashi (lugha ya Washi, wenyeji wa eneo hili) na za Kifaransa, wakati mwingine zote katika misa moja, maana mzee aliyetoka Walungu, mwanafunzi wa chuo na mfanyabiashara wa kutoka Maniema wamekaa benchi moja. Upande wa Waprotestanti, CEPAC na CELPA, makanisa makubwa ya Kipentekoste yenye makao yake papa hapa Bukavu, hushindana kwa kwaya zenye sare na magitaa ya umeme. Mwimbaji aliyekosa mazoezi mara tatu hupewa onyo. Aliyekosa sare hukopeshwa, na hapo kisanduku kinaingia tena kanisani kwa mlango wa nyuma.

Si kila mtu anasherehekea tarehe 25 Desemba. Wakimbanguisti, waamini wa kanisa lililozaliwa Kongo kwa mahubiri ya Simon Kimbangu, huadhimisha Noeli yao tarehe 25 Mei. Waislamu wa mjini wana Idi zao. Lakini pishi likiiva, sahani hupelekwa kwa jirani bila kuuliza kalenda yake, na Idi ikifika sahani hiyo hurudi, tena haifai irudi tupu.

Barua ya Noeli ya 1999

Kwa watu wa Bukavu waliokwisha kuwa watu wazima wakati huo, Noeli ina kumbukumbu moja ambayo haiko kwenye meza. Mwaka 1999 mji ulikuwa chini ya waasi wa RCD walioungwa mkono na Rwanda. Askofu mkuu alikuwa Emmanuel Kataliko, aliyekuja kutoka Butembo mwaka 1997. Alikalia kiti cha Christophe Munzihirwa, aliyeuawa na askari mjini tarehe 29 Oktoba 1996. Mkesha wa Noeli, Kataliko aliwaandikia waamini barua ya kichungaji. Aliyataja waziwazi mateso ya watu: uporaji, ukatili, wageni wanaoutumia utajiri wa nchi, na wenyeji wanaoshirikiana nao. Aliwataka watu wasikubali kuwa watumwa na wasichukue silaha.

Watawala hawakuipenda. Februari 2000 walimzuia kurudi Bukavu, wakampeleka uhamishoni Butembo. Kwa miezi saba mji ulimdai askofu wake, na mashirika yale ya jioni yalikuwa mahali ambapo watu waliweza kukaa pamoja bila kuomba kibali cha mkutano. Septemba alirudi, akapokelewa na umati. Hazikupita wiki tatu; tarehe 4 Oktoba 2000 alifariki ghafla akiwa karibu na Roma.

Nimeitaja habari hii ili ieleweke kwa nini, katika mji huu, salamu za Noeli za askofu husikilizwa kwa masikio mawili. Mahali pengine ni adabu ya msimu. Hapa watu hupima kila sentensi, wakijua kwamba barua ya sikukuu iliwahi kumgharimu mwandishi wake.

Na haikuwa Noeli pekee yenye kivuli. Desemba 1967 mji ulikuwa ukihesabu kuta zilizosimama, baada ya mamluki wa Jean Schramme kuushika kuanzia Agosti hadi mwanzo wa Novemba. Mwaka 1996 majeshi ya waasi wa AFDL yalikuwa yameingia wiki nane tu kabla ya sikukuu. Mwaka 2004 watu walikuwa bado wanajiuguza kutokana na siku za Juni, vikosi vya makamanda waasi Nkunda na Mutebutsi vilipoteka mji. Tarehe 16 Februari 2025 waasi wa M23 waliiteka Bukavu. Mabenki yalifunga milango, uwanja wa ndege wa Kavumu ukawa hauna abiria, na fedha zikaanza kutembea kwa simu au kwa miguu kupitia daraja la Ruzizi. Pembeni mwa hesabu zote hizo kisanduku cha bati kiliendelea na kazi yake. Kwake habari ya benki kufungwa haikuwa mpya. Kilizaliwa kwa sababu benki ilikuwa mbali hata ilipokuwa wazi.

Mwezi ukipevuka, sambaza anapanda bei

Sasa turudi mezani. Bila sambaza hakuna sikukuu ya Bukavu, na bei yake wakati wa Noeli haiamuliwi sokoni. Inaamuliwa na mwezi.

Sambaza ni samaki mdogo wa rangi ya fedha, urefu wa kidole, anayekaangwa mzima na kuliwa na kichwa chake. Si mwenyeji wa Kivu. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa sababu katikati ya Kivu hapakuwa na samaki wa kula vijidudu vya majini. Alizaana kupita matarajio, na leo wavuvi wengi wa ziwa hili wanamtegemea yeye.

Anavuliwa usiku. Mitumbwi mitatu inaunganishwa kwa miti mirefu inayojitokeza mbele na nyuma kama pembe, na wavu unaning'inizwa katikati. Jioni ukisimama Nguba au kwenye rasi ya La Botte unawasikia wavuvi wakitoka, wakipiga makasia kwa wimbo, na sauti inakuja juu ya maji muda mrefu baada ya mitumbwi yenyewe kumezwa na giza. Huko ndani wanawasha taa. Zamani ilikuwa karabai, sasa wengi wana balbu za betri. Samaki hufuata mwanga, wavu ukainuliwa.

Lakini mwezi ukiwa mpevu, ziwa lote lina mwanga, taa ya mvuvi inakosa maana na samaki wanatawanyika. Siku hizo mitumbwi mingi hubaki ufukweni na watu wanashona nyavu. Ndiyo sababu mama anayeuza sambaza huangalia mbingu kabla ya kuahidi. Mwaka 2023 mwezi ulipevuka usiku wa kuamkia tarehe 27 Desemba, katikati kabisa ya sikukuu. Mwaka 2025 mwezi mpya ulikuwa tarehe 20, kwa hiyo usiku wa Noeli, mwezi mchanga ulipokwisha kuzama, ziwa lilikuwa jeusi kama mvuvi anavyolitaka. Mwaka 2026 unapevuka tarehe 24 yenyewe. Mwenye busara atanunua mapema na kukausha.

Asubuhi beseni zinashuka ufukweni na kipimo ni bakuli. Sufuria la mafuta linapochemka nyumbani, sambaza anaingia kwa mlio, anajikunja, anageuka rangi ya dhahabu, na mpishi anapambana na mikono ya watoto inayoiba kutoka kwenye sahani. Pembeni kuna bugali wa muhogo na sombe iliyotwangwa tangu jana. Mtu wa Bukavu aliyeko Kinshasa au Brussels anaweza kupata mbuzi na mchele. Harufu ya sambaza wa asubuhi ndiyo anayoikosa.

Kinywaji nacho kina kalenda. Kasiksi, pombe ya ndizi ya Washi, huandaliwa siku kadhaa kabla. Ndizi za pombe huivishwa shimoni, zimefunikwa kwa majani, kisha hukamuliwa pamoja na nyasi mpaka juisi itoke safi. Mtama uliokaangwa na kusagwa unaongezwa, na uchachu unafanya mengine. Wazee huinywa kwa mrija, chombo kimoja watu kadhaa, na heshima ya mgeni ni kupewa mrija wa kwanza. Vijana wa mjini walizoea kuicheka, wakaagiza bia ya Primus. Halafu mwaka 2025 kiwanda cha bia cha Bralima mjini Bukavu kikaporwa Februari, na Juni kampuni mama, Heineken, ikatangaza kwamba imepoteza udhibiti wake na kuwaondoa wafanyakazi. Bia iliyokuwa ikipikwa hatua chache kutoka mezani ikawa jambo la kuulizia. Kasiksi haikuuliziwa. Shamba la migomba halina makao makuu Amsterdam.

Bonane ya watoto

Noeli ni ya kanisa na nyumba. Tarehe 1 Januari ni ya barabara. Hapa hawaiiti Mwaka Mpya. Wanaiita Bonane, kutoka *bonne année* ya Wafaransa, na neno hilo limekuwa salamu na zawadi kwa pamoja. Mtoto anaposimama mlangoni pa shangazi na kusema "Bonane!" kwa sauti ya adabu isiyo ya kawaida yake, haji kusalimia tu. Na shangazi, anayejibu "Bonane, mtoto wangu," anajua kwamba jibu lile halitoshi, mkono wake tayari uko kwenye fundo la kikwembe.

Usiku wa tarehe 31 wengi hukesha kwa sala. Saa sita ikifika, kengele, nyimbo na vifijo hupanda kutoka milimani kwa pamoja, na kwa dakika chache huwezi kujua kanisa gani ni la nani. Asubuhi mji unageuka. Watoto wa Kadutu na Panzi, wamevaa zile nguo za mitumba zilizopigwa pasi mpaka zikang'aa, wanateremka kwa makundi kwenda kutembea katikati ya mji, kuelekea Place Mulamba, uwanja uliopewa jina la Léonard Mulamba, afisa aliyeulinda mji mwaka 1964. Mkubwa ana miaka kumi na amekabidhiwa wadogo wanne. Wakifika Nyawera viatu vipya vimeanza kuuma, vinavuliwa. Jioni mama anahesabu vichwa mlangoni kama alivyohesabu mihuri.

Siku tatu baadaye nchi nzima inabadilisha sura. Tarehe 4 Januari ni siku ya mashahidi wa uhuru, kuwakumbuka waliouawa Léopoldville, Kinshasa ya leo, mwaka 1959. Kisha zinakuja tarehe 16 ya Laurent Kabila na 17 ya Lumumba. Msimu ulioanza kwa hori unaishia kwa makaburi, na karo ya shule inabisha hodi katikati yake.

Wapo wanaosema sikukuu za namna hii ni ubadhirifu wa maskini: mtu anaweka akiba miezi kumi na miwili, anaila kwa siku nane. Hoja ina uzito wake, na kila Januari kuna nyumba zinazojuta. Lakini wanaosema hivyo huhesabu kilicholiwa, hawahesabu kilichojengwa. Watu ishirini wamekutana kila wiki, wameaminiana na fedha katika mji ambao umenyang'anywa mara nyingi, na wamegawana mbele ya macho bila polisi. Mbuzi alikuwa sababu tu ya kukutana.

Wiki ya pili ya Januari wanarudi kwenye chumba kilekile. Kisanduku kimefutwa vumbi. Funguo zinabadilishwa mikono, maana si vizuri watu walewale watatu wazishike miaka yote. Vijitabu ni vipya, karatasi bado zinashikana. Mama mmoja muuza sombe, ambaye hajamaliza kulipa deni la viatu, anafungua fundo la kikwembe, anatoa noti moja iliyokunjwa mara nne na kuinyoosha juu ya goti. Muhuri unagongwa. Noeli imeanza.